Dakika Moja ya Kumkumbuka Mwanafunzi Mwenzetu

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimesimama wima na kofia mkononi. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana habari hii imeshafika sokoni Katito, na huko najua wameitia chumvi.

Wengi wenu mnajua kwamba nilijiandikisha kwenye kozi ya ufugaji wa samaki wa vizimba, ile inayosomwa kwenye mtandao. Sababu pia mnaijua. Mwaka jana niliwalisha samaki wangu kwa kukisia, nikijiona fundi, wakaelea wote tumbo juu wiki moja kabla ya kuvuliwa. (Mvuvi mmoja aliniuliza kama nilikuwa nawafuga au nawaadhibu.) Nikakubali kwamba sijui kitu. Kwa mtu wa miaka sitini na tisa, kukubali hivyo ni kazi.

Lakini kozi ya samaki haianzi na samaki. Inaanza na kompyuta. Wiki mbili nzima unafundishwa kuwasha, kuandika, kuhifadhi faili, kutuma kazi na kuingia darasani kwa video. Ukimaliza, unatuma ukurasa mmoja wa kujitambulisha, na mkufunzi akiupokea ndipo unaendelea na masomo yenyewe. Mwisho ulikuwa leo, saa sita mchana. Ukikosa, unasubiri mwaka ujao. Na mtu wa umri wangu hataji mwaka ujao kwa sauti kubwa.

Laptopu si yangu. Ni ya mke wangu, Perpetua. Binti yetu alimnunulia ili aandikie mambo ya kikundi cha akina mama wa kanisa, ambako yeye ni katibu. Anaandika kwa vidole vyote kumi huku akiongea na jirani dirishani. Mimi natumia kidole kimoja, na kabla hakijashuka hukizungusha angani kama mwewe anayetafuta kifaranga. Perpetua alijitolea mara tatu kunisaidia. Mara zote tatu nilimjibu, "Mambo ya chuo niachie mimi."

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mkufunzi wetu, Bi Nafula, mwanamke mpole mwenye sauti ya muuguzi, alituambia tufanye mazoezi ya kuandika kila siku. "Andikeni juu ya mtu mnayemjua vizuri," alisema. Zilikuwa zimepita siku chache tangu tumzike binamu yangu huko Nyakach. Mliokuwepo mnakumbuka wasifu uliosomwa pale. Binamu yangu aligombana na majirani wote na ng'ombe wao, lakini tuliambiwa alikuwa mtu wa amani. Niliporudi hapa Migosi, Kisumu, nikaamua kwamba wasifu wangu nitauandika mwenyewe, asije mtu akawadanganya waombolezaji juu yangu.

Nikaandika wasifu wa marehemu. Marehemu ni mimi. Niliandika kama zinavyoandikwa zile karatasi za mazishi: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha nani, familia inawashukuru wote. Nikaweka na makosa yake, maana hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Tarehe ya kufa nikaiwekea nukta. Nikaihifadhi kwa jina "Maisha yangu 2". Karatasi halali ya kujitambulisha nilikuwa nimeiita "Maisha yangu 1".

Jana alasiri nikatuma kazi. Bi Nafula alikuwa ametuonya kila siku: fungua faili, soma, ndipo utume. Sikufungua. Niliona majina yanafanana, nikabofya la chini, nikatuma, kisha nikaenda kunyolewa ndevu nikiwa mtu mwenye furaha.

Leo saa tano asubuhi palikuwa na darasa la video. Kundi letu la simu lilikuwa na ujumbe mwingi tangu alfajiri, lakini sikuusoma. (Wale watu hutumiana picha za maua mpaka unachoka.) Masomo mengine nilikuwa nayasikiliza kwa simu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuiona sura yangu. Leo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwa laptopu. Nilichelewa dakika kumi, kwa sababu nilibofya pasipo pangu nikakaa kidogo katika darasa la ushonaji.

Nilipofika kwetu, nilikuta watu wameinamisha vichwa. Bwana Oluoch, mwenzetu ambaye ni katekista upande wa Bondo, alikuwa anaomba. Alimwomba Mungu ampokee ndugu yetu aliyetutoka. Nikashtuka. Ni nani tena?

"Tusimame dakika moja, tumkumbuke mwanafunzi mwenzetu," akasema Bi Nafula.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikainamisha kichwa peke yangu sebuleni mbele ya laptopu, na niseme ukweli, nilihuzunika. Nilikuwa na hakika ni yule mzee mwenzangu wa Mbita aliyekuwa akikohoa wakati wa masomo. Nikamwombea kwa moyo wote. (Yuko mzima. Amenikoholea leo hii.)

Tukakaa. Bi Nafula akasema amefunga maiki zetu zote ili tusikilize kwa heshima. "Familia ilitutumia wasifu wake jana. Hata tarehe hawakuweza kuiandika, kwa majonzi. Nitausoma."

Akaanza. "Marehemu alizaliwa Nyakach, akiwa mtoto wa nne."

Nikasema moyoni, kumbe ni mtu wa kwetu.

"Alisoma mpaka kidato cha nne. Alipata nafasi ya kwenda chuo akaikataa, kwa sababu alitaka kazi haraka ili anunue baiskeli."

Nikatikisa kichwa. Kumbe wajinga tulikuwa wengi.

"Alikuwa karani wa stoo kwa miaka thelathini, na miaka hiyo yote alitembea kama mwenye stoo."

Nikasogeza kiti karibu na skrini.

"Alifuga samaki, lakini si kwa muda mrefu."

Hapo nikamtambua marehemu.

"Bi Nafula, ni mimi, niko hapa," nikasema. Maiki imefungwa. Nikapaza sauti. Mbwa wa jirani akanijibu, darasa halikunijibu. Nikakumbuka kwamba mtu anaweza kuandika ujumbe chini ya skrini. Kidole kikazunguka, kikazunguka, mwishowe nikatuma: SIJAFA.

Jibu lilikuja kabla sijashusha mkono. Lilitoka kwa Mama Risper, muuza samaki wa soko la Katito, ambaye ana mkono mwepesi. "Tunajua hujafa, Mama. Mungu akupe nguvu."

Mama? Sikuelewa. Nikaandika: NIKO HAI.

"Amina, Mama," akajibu Bwana Oluoch. "Endelea kuishi kwa ajili ya watoto."

Nikaandika kwa hasira: MIMI NI JAPHETH.

Halafu Mama Risper akaandika, "Yawa, mama wa watu. Uchungu umemchanganya. Kuna mtu hapo nyumbani wa kukaa na yeye?"

Ndipo nikaangalia jina lililokuwa chini ya kisanduku changu. Laptopu ni ya Perpetua, kwa hiyo nilikuwa nimeingia darasani kama Perpetua. Nilikuwa mjane wangu mwenyewe.

Bi Nafula hakuwa anasoma ujumbe wetu. Aliendelea na wasifu, na akafika mahali ambapo ningetoa vizimba vyote ili asifike.

"Mke wake, Perpetua, alipata nafasi ya chuo cha ualimu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Marehemu alimkataza, akisema nyumba itabaki bila mtu. Haikuwa kweli. Aliogopa mke mwenye cheti kikubwa kuliko chake. Kabla mwaka haujaisha alijua amekosea, lakini hakuwahi kumwambia."

Nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Perpetua alikuwa ameingia kutoka uani, ungo wa dagaa wa omena mkononi, kwa sababu alisikia jina lake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mimi."

Akaniangalia toka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Na nani ameandika hayo?"

"Mimi pia."

Akaweka ungo juu ya meza. Bi Nafula alikuwa anamalizia kuwashukuru waliomtembelea marehemu hospitalini. (Hakuna aliyenitembelea hospitalini. Niliandika hivyo ili kuwaaibisha.) Sikuweza kumwangalia mke wangu usoni. Nikaangalia omena.

"Japheth," akasema, "umengoja ufe ndiyo uniambie?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuandika," nikajibu. Katika majibu yote ambayo mwanamume angeweza kutoa, mimi nilitoa hilo.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Nikageuka kumshika mkono na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba nilikosea, na nikamwambia, lakini sijui kama alisikia, kwa sababu alikuwa anacheka mpaka ameshika meza. Akafuta macho kwa kona ya kanga. "Nimesikia," akasema. "Sasa sogea, hawa watu wanaomboleza." Akabofya mara moja tu, na kamera ikawaka.

Darasa zima likatuona: mjane na marehemu, bega kwa bega.

Bwana Oluoch aliondoka kwenye kiti, kikabaki kiti. Mama Risper alijifunika uso kwa leso, kisha akaacha jicho moja. Bi Nafula akafungua maiki, watu wakaongea wote kwa pamoja.

"Mzee," akasema Bi Nafula, na ile sauti ya muuguzi ilikuwa inatetemeka, "wewe ni nani?"

"Ni marehemu," nikasema.

Walicheka. Ndugu zangu, walicheka mpaka mtandao ukakwama. Bwana Oluoch peke yake ndiye aliyerudi na uso wa kazi. "Mzee, nimekuombea tangu alfajiri. Hayo maombi nitayarudisha vipi?"

"Niwekee," nikamwambia. "Yatatumika."

Bi Nafula alipotulia akaniambia anafurahi niko hai. "Lakini hii kazi siwezi kuipokea, Mzee. Mwanafunzi anayejitambulisha sharti awe hai. Umebakiwa na dakika ishirini na tano."

Kicheko kikaniisha. Nikaanza kuitafuta "Maisha yangu 1", na haikuwepo. Nikafungua huku, nikafunga kule. Nikafungua orodha ya viti vya kanisa. Dakika tano zikaisha, kisha nyingine tano. Nilikuwa nakaribia kusubiri mwaka ujao, na aliyekuwa amesimama nyuma yangu alijua faili zote za kompyuta ile kama anavyojua sufuria zake. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege.

"Perpetua, naomba unisaidie."

"Mambo ya chuo si ni yako?" akasema. Lakini alikuwa ameshavuta kiti. "Uliihifadhi wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

"Hiyo ni kama kusema umepoteza kisu ndani ya Kisumu."

Aliipata kwa muda wa kupiga chafya moja. Ilikuwa imejibanza katikati ya kumbukumbu za mikutano ya akina mama. Nilidhani atanitumia. Akasukuma laptopu kwangu. "Fungua. Soma. Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye "nimeoa", akanisimamisha. "Hapo ongeza: mke wangu ndiye anayenifundisha kompyuta."

Sentensi hiyo ilinila dakika tisa. Yeye hakugusa hata herufi moja. Nikatuma saa sita kasoro dakika mbili, tukakaa tunaangalia skrini kama watu wanaongoja uji uchemke. Kisha jibu likaingia: "Imepokelewa. Karibu kwenye kozi, Mzee Japheth. Jumatatu tunaanza na chakula cha samaki."

Darasa lilipiga makofi. Perpetua pia. Baadaye akaniondoa kwenye kiti akaanza kujiandikisha kozi yake mwenyewe, ya kufundisha watoto wa chekechea. Nilisema nitamsaidia. Akanipa ule ungo wa omena nikaanike.

Nilikuwa uani bado naanika niliposikia watu wanaimba langoni. Mama Risper alikuwa amepeleka habari sokoni Katito asubuhi na mapema, na watu wangu wa Nyakach hawakungoja habari ya pili. Walikuja tisa, wakiongozwa na shangazi yangu, ambaye amezika watu wengi na anaijua kazi. Nikafungua lango. Wimbo ukakatika. Shangazi aliniangalia, akageuka akawaambia wenzake kwa masikitiko, "Yuko hapa. Anaanika samaki."

Hatungeweza kuwarudisha Nyakach na njaa. Perpetua alichinja kuku wawili. Mnajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Shangazi aliichukua akampa kaka yake mdogo, akisema kwamba mwenye nyumba ametangazwa amekufa na yeye hawezi kubatilisha wasifu uliosomwa mbele ya watu. Wakala, wakanicheka, wakala tena.

Nawaomba msinicheke na ninyi, nimechekwa kwa zamu tatu leo. Fungueni faili kabla ya kutuma. Mimi sikufungua, na ndiyo maana leo, kwenye matanga yangu mwenyewe, nimekula shingo.