Nimesomea Wachuna Chai Asaimenti Yangu

Leo nimeumbuka, jamani. Bado masikio yanawaka moto.

Mnajua mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa karibu na Runyenjes, na miaka minne sasa nasomea digrii kwa njia ya mtandao. Limebaki somo moja tu, la Daktari Ireri. Asaimenti yake ya mwisho ilikuwa iingie leo saa sita mchana. Isipoingia, narudia somo, na Desemba wenzangu watavaa majoho bila mimi.

Nyumbani kwetu ni bondeni. Mtandao haushuki huko. Kwa hivyo saa nne nilipanda hadi kituo cha kupimia majani chai, maana huko juu simu inashika vizuri. Nilikuta akina mama wachuna chai, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu, wamekaa kando ya vikapu vyao wakingoja lori.

Nikaingia kwenye mfumo wa chuo. Neno la siri, limekataa. (Nilikuwa nimeandika la benki.) Nikajaribu tena, likakubali. Nikatuma kazi. "Faili ni kubwa mno." Nikapunguza picha. Kubwa mno! Nikatoa picha zote, hata ile ya chati niliyochora siku mbili. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kisha kakanitupa nje kabisa.

Saa sita kasorobo. Nilitaka kulia, na sioni aibu kusema.

"Mwalimu, kwani ni nini?" aliuliza Mama Wambeti, jirani yangu.

"Asaimenti imekataa kwenda, mama. Ikikataa, sifuzu."

"Mwathani! Bwana wangu! Hebu tuombe."

Na akaomba kweli, kwa sauti, mkono mmoja kwenye kikapu. Mimi nikaingia upya, nikabonyeza faili ya kwanza kabisa kwenye orodha, nikatuma. Sikuwa na muda wa kuangalia. Ikaenda mara moja!

"Imeingia!" nikapiga kelele. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikacheza kidogo. (Sawa, si kidogo.)

"Sasa tusomee," akasema Mama Wambeti. "Tumeiombea, wacha tuisikie."

Hapo ningejifanya nina haraka. Lakini sifa ni ugonjwa. Nikafungua nilichotuma, nikasafisha koo, nikaanza kwa sauti ya darasani:

"Bwana asifiwe! Wageni waalikwa, wakwe zangu wapendwa, na kwaya yetu..."

"Amina!" wakaitikia.

Nikarudi juu kuangalia jina la faili.

"Endelea! Mbona hiyo asaimenti ni nzuri hivi?"

Ndugu zangu, huku kwetu mtu hafuzu peke yake. Kuna hema, kuna kwaya, kuna mbuzi, na mwenye digrii lazima ashukuru watu. Mimi hotuba yangu nilishaiandika. Jana jioni niliifungua kumwongeza mama mkwe, ndiyo maana ilikuwa juu kwenye orodha. Na hiyo ndiyo niliyotuma kwenye ukurasa ambao darasa zima linasoma.

Simu ikalia. Daktari Ireri mwenyewe! Na simu yangu bila spika haisikiki.

"Mwalimu, nasoma kazi yako hapa," akasema, na kituo kizima kikasikia. "'Namshukuru Mungu kwa kuniokoa mikononi mwa Daktari Ireri, mtu ambaye hata mamake akileta kazi amechelewa, atamrudisha nyumbani.' Umeandika hivyo?"

Mama mmoja alicheka hadi akakalia majani yake. Mimi nilitamani lori lije linibebe.

"Nisamehe, Daktari. Hiyo ni... ni ya sherehe."

"Sherehe ni lini?"

"Desemba."

"Na hiyo Desemba utakuwa umepita somo la nani?"

Machozi yalinitoka mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Mama Wambeti akainama kwenye simu bila kuulizwa.

"Daktari, huyu mtoto amehangaika hapa tangu saa nne. Mimi ni shahidi. Ni hiyo mashine yenu."

Nikasikia Daktari akicheka. Sijawahi kumsikia akicheka miaka yote hii!

"Haya. Nimekufungulia hadi saa saba. Tuma kazi yenyewe."

Nikatuma, safari hii nikisoma jina la faili mara tano, na akina mama wakiisoma nami. Baada ya muda ukaja ujumbe: "Imepokelewa. Hotuba usibadilishe hata neno. Nitakuja kuisikia."

Basi msicheke. Natafuta mtu wa kunisomea hotuba Desemba. Mimi siku hiyo nitakuwa jikoni, nageuza chapati, na mlango nitaufunga kwa ndani.