Kamati ya Kupima Mabega

Haya kanihadithia Marlys, mpishi wa shule ya sekondari ya hapa kwetu Nebraska, juzi tukimenya viazi vya karamu ya kanisa. Na Marlys haongezi chumvi hata kwenye viazi.

Ilitangazwa kwamba haki imewasili. Bwana Darrell Vopat, mwenyekiti wa bodi ya shule, aliunda Kamati ya Kudumu ya Uhakiki wa Usichana Michezoni, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa taifa. Mzigo wenyewe ulikuwa Bryn, mrusha kisahani, ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana na sasa ni msichana, mji mzima unajua. Jumamosi kulikuwa na mashindano. Bryn alitaka kurusha na wenzake. Darrell alitaka asirushe.

Mama mmoja alikuwa ameuliza kikaoni, "Binti yangu anajifua tangu alfajiri. Je, watashindana sawa kwa sawa?" Swali lilikuwa halali kabisa. Ndiyo maana Kamati haikulijibu. Ilinunua utepe wa kupimia.

Jedwali likapitishwa: upana wa mabega ya msichana halali, urefu wa taya yake, na umbali ambao kisahani chake hakiwezi kuvuka. Atakayezidi ni mtuhumiwa mpaka ajisafishe. Darrell akaongeza kifungu chake mwenyewe: rekodi zote za zamani nazo zihakikiwe, kwa kuwa haki haizeeki. Makofi yakapigwa.

Siku ya uhakiki Bryn akapimwa mbele za watu, macho kwenye viatu. Mabega, halali. Taya, halali. Wakatoka naye uwanjani, akarusha. Kisahani kikaenda kidogo, kikalala kama ng'ombe aliyechoka.

"Huwa wa mwisho siku zote," kocha akasema. "Si mngeniuliza?"

"Kamati haiulizi. Kamati inahakiki," Darrell akamjibu.

Waliporudi ukumbini, katibu akakohoa. "Mheshimiwa, mtuhumiwa yupo. Mmoja tu. Jina lake liko pale ukutani, kwenye ubao wa rekodi: kisahani chake kilivuka umbali wa jedwali, na rekodi yake haijapata kuvunjwa. Ardith."

Ardith ndiye mama mzazi wa Darrell.

Bibi huyo alikuwa safu ya mbele, sahani ya kolache, maandazi yenye jemu ya plamu, mapajani. Hapa kwetu kila raia hupewa dakika tatu za kusema, na saa ya kuchemshia mayai huwekwa mezani. Akainuka, mpana kama mlango wa ghala la mahindi.

"Haya, nipimeni."

"Mama, kaa chini, tafadhali."

"Mama yako nani? Mimi mtuhumiwa."

Darrell akalegeza tai. "Basi... mtuhumiwa ana ushahidi wowote?"

"Ushahidi si huo umekalia kiti cha mwenyekiti? Ulitanguliza kichwa, na kilikuwa kikubwa hivyo hivyo. Nikadhani kina kitu ndani."

Watu wakavunjika mbavu. Yule mama wa swali akanyoosha mkono. "Na swali langu je?"

"Swali lako la kweli, mwanangu. Likajibiwe na wanaojua kurusha, siyo wapima taya. Lakini mtoto huyu hajamnyang'anya mtu hata nafasi ya pili kutoka mkiani." Akamgeukia mwanawe. "Chagua, Darrell. Arushe Jumamosi, au andika kwamba mwenyekiti kazaliwa na mwanamume."

Saa ya mayai ikalia. Darrell akanyoosha mkono wa ndiyo.

Jumamosi Bryn akarusha, akawa wa mwisho. Wenzake wakamcheka, naye akacheka kuwashinda. Hapo tu ndipo aliposhinda. Akasinzia ndani ya basi la shule, jemu ya kolache mdomoni. Bibi Ardith akalala mbele ya televisheni. Darrell, aliyeshinda kutwa amepiga magoti topeni akipima mirusho ya watoto, usingizi ulimkataa. Akajifungia bafuni na utepe wake na jedwali lake. Mabega. Taya. Akavuta pumzi, akatanua kifua, akapima upya.

Kwa mujibu wa Kamati, alikuwa msichana halali, asiye na shaka hata kidogo.

Akauficha utepe chini ya mto, akalala.