Kisu Kilichogoma Kukata Jina la Mama Ranis

Jumanne, 18 Februari

Mpwa wangu Sukerti yuko hekaluni kusuka sadaka za majani ya mnazi mpaka Ijumaa. Duka lake la stika kaniachia mimi. Kanisisitizia mara tatu: mjomba, mashine ya herufi ikikata vibaya badilisha kisu, usiongeze nguvu. Mtoto huyu! Mimi nilikuwa nakata bati kwa kulitazama tu kabla mama yake hajaota meno.

Saa nne akaja Gede Bawa wa malori ya mchanga. Mtu aliyewahi kuinua pikipiki na mwenye pikipiki akiwa juu yake, apate kupita. (Nilikuwepo. Karibu nilikuwepo.) Anataka jina la marehemu mama yake, NI RANIS (Ni ndiyo heshima ya mwanamke kwetu), kwenye kioo cha lori. Jumamosi ni siku ya kuviombea vyuma, visu na magari. Kijiji kizima kitaliona. Nikamwambia kesho tu. Nikakata. S imeraruka kama imetafunwa na panya!

Jumatano, 19 Februari

Nimeongeza nguvu ya kisu. Tena. Tena. Kikatoboa stika, kikatoboa karatasi yake, kikachimba ukanda mweupe wa mashine ambao kisu hupita juu yake. Sasa kinarukaruka kwenye mitaro kiliyoichimba chenyewe. Herufi zimekuwa vidoti vidoti. Komang, mwenye duka la stika ng'ambo ya barabara, akapaza sauti kuuliza kama nakata herufi au nakuna nazi. Eti kisu kichungulie kidogo tu kwenye kishikio chake, unene wa ukucha. Nikakitoa chote nje, ajue mimi si wa kufundishwa.

Gede akaja. Akaokota kipande sakafuni, akauliza polepole kama huyo ni mama yake. Nikasema hapana, huyo ni mama wa mtu mwingine. Nikamweleza kwamba stika nzuri huvundikwa siku tatu, kama ndizi. Akaitikia kwa kichwa. Kichwa chake kinatisha kuliko matusi ya wengine.

Alhamisi, 20 Februari

Dawa nimeipata! Nani kanoa kucha za chuma za majogoo wa kupigana hapa miaka thelathini? Mimi. Jogoo mmoja niliyemnolea alikata kivuli cha mwenzake, mwenzake akafa. Nikachukua jiwe langu, nikakinoa kisu cha mashine. Kidogo kama punje ya mchele. Nikanoa, nikanoa. Nikafungua vidole. Hakipo!

Nusu yake nimeikuta ndani ya kidole gumba.

Gede kaja, kakaa, kaviliza vidole vyake: ta, ta, ta. Kila kimoja nilikisikia shingoni mwangu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeamua kuhamia kwa shemeji, kisiwa cha pili, Lombok. Nafika mlangoni na begi, Gede huyu hapa. Akauliza jina la mama yake linakwenda wapi. Nikasema nalitoa likaote jua. Akataka kuliona. Begini mna suruali mbili! Nikalificha begi mgongoni.

Hapo Sukerti akashuka kwenye pikipiki. Akatazama mashine, akatazama kidole changu. Akatia kisu kipya, akabandika ukanda mpya, akapunguza nguvu, akajaribu kimraba kidogo, kisha jina. Dakika kumi! S laini kama mkia wa paka. Gede akafuta macho, akamshukuru, akamwita mwanangu. Mimi hakunitazama. Mungu ambariki kwa hilo.

Jumamosi, 22 Februari

Lori limepambwa maua, NI RANIS inang'aa. Watu wakauliza nani kakata. Mdomo ukanitangulia: mimi! Nikaeleza ninavyonyoosha kisu kwa pumzi tu. Sukerti akanikodolea macho. Nikaongeza sauti.

Jumapili, 23 Februari

Mama mmoja wa kijiji jirani alinisikia jana. Kaniletea mashine yake, nayo inakata vibaya. Nimeifungua yote. Nimeifunga yote. Skrubu tatu zimebaki. Viwanda vinapoteza chuma bure!

Anaifuata kesho asubuhi na mumewe. Mumewe, nimeambiwa sasa hivi, ni mkuu wa polisi.

Skrubu mbili nimezifukia kwenye chungu cha maua. Ya tatu nimeitafutia tundu jipya, kwa nyundo.