Begi la Skii na Marashi ya Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena si kwetu Oman, pale Ibra, ambako angalau mngenisitiri. Nimeadhirika Ulaya, ndani ya treni, mbele ya mkwe.

Nyote mnanijua. Shule nimeiacha darasa la nne, nimeanza na pikapu moja ya kuchukulia majani ya mbuzi, na leo nina kambi ya watalii Bidiya na magari ya jangwani ambayo hata wenye shahada zao wanakuja kuyakodi kwangu. (Sijisifu. Naeleza tu.)

Basi mwanangu Mundhir kampenda binti wa Sheikh Humud wa Nizwa. Sheikh Humud asili yake Unguja kama sisi, lakini yeye alisoma, akawa mkubwa serikalini, sasa kastaafu na kazi yake ni kuniuliza, "Bu Mundhir, hivi wewe ulisoma wapi?" Kila tukikutana! Na anajua. Anapenda kulisikia tu.

Binti hana neno. Shida ni ami yake, Dokta Khalfan, daktari huko Austria, milimani kwenye theluji. Sheikh Humud akasema mpaka ndugu yake amwone baba wa kijana ndipo jibu la posa litoke. Nikasema, hilo tu? Nikakata tikiti, yangu na ya Sheikh. Ndege mpaka Uswisi, halafu treni kuingia Austria, maana nilitaka Sheikh aone kuwa mambo ya treni nayajua. (Sijapata kupanda hata moja.)

Watu wa ndege wakaniambia begi la skii halilipiwi. Skii ni zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Ninazo! Nilizinunua Dubai, natelezea kwenye mchanga wa Bidiya, na anayesema nilianguka ni muongo, nilikaa mwenyewe. Begi lenyewe refu kama jeneza. Nikaona, ikiwa halilipiwi na nafasi imo, kwa nini niende kwa Dokta mikono mitupu? Nikapiga simu kambini: "Chupa zote za marashi zilizomo stoo, zifungeni na kanzu zangu, zitieni mle."

Hapa lazima nieleze, msije mkanihukumu bure. Marashi yangu ni mawaridi ya kweli ya kule mlimani Jabal Akhdar, yale ya kizamani, yana rangi ya chai na harufu ya moshi kidogo. Nayanunua kwa madebe. Na chupa? Ninunue chupa kwa lipi, na watalii wananiachia kila asubuhi chupa za kioo kizito, nzuri, bure? Pombe mie siuzi wala sigusi. Wanakuja nayo wenyewe, wanakunywa wenyewe, mie nabaki na chupa. Tunaziosha kwa maji ya moto, tunatia marashi, samli, asali. Wazee wetu wakifanya hivyo hivyo. Lebo? Hazibanduki, zina gundi ya Kizungu. Na mie si mtu wa kusoma chupa. Mie nanusa.

Asubuhi tukapanda treni. Begi halikuingia juu, halikuingia chini. Nikalilaza njiani, watu wakawa wanaliruka. Mzee mmoja wa Kizungu, kiti cha mbele yetu, akaniuliza kama nakwenda kuteleza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kambini kuwa mie ndiye bingwa wa jangwa zima. Sheikh Humud akajifunika gazeti.

Mpakani wakaingia watu wa forodha, mwanamke mrefu na mwenzake. Mwanamke akalitazama begi.

"La nani hili?"

"Langu!" Kwa sauti, behewa zima lisikie.

"Mna pombe? Sigara?"

Nikacheka. "Mama, sisi Waislamu. Huyu hapa ni sheikh." Nikamwonyesha Sheikh Humud kwa kidole. (Nilimwingiza wa nini? Mungu ndiye ajuaye.)

Akafungua zipu.

Jamani. Kanzu zikafunuka, na zile chupa zimelala safu kwa safu, lebo juu! Zenye farasi, zenye merikebu, zenye wazee wa ndevu. Skii hazionekani hata ncha. Yule mzee akapiga mluzi. Watu wa nyuma wakasimama.

Sheikh Humud akashusha gazeti polepole. "Bu Mundhir. Nini hii?"

"Marashi, Sheikh."

"Marashi."

"Wallahi marashi!"

Yule mwanamke akasema kila mtu ana kiasi anachoruhusiwa, na hizi zinatosha harusi.

"Harusi, ndiyo!" nikaitikia kwa furaha, nikidhani sasa tumeelewana.

"Nyamaza," akasema Sheikh. "Nakuomba kwa Mungu, nyamaza."

Ningemsikiliza! Lakini mie mtu wa vitendo. Nikachomoa chupa iliyokuwa karibu, nikazibua, na kama tufanyavyo kwetu mgeni akiheshimiwa, nikaanza na mkubwa wetu. Nikammiminia Sheikh Humud viganjani. Nikampitishia kofiani. Nikamalizia ndevuni, kwa mkono wa mtu asiyebania.

"Nusa, Sheikh! Kisha wanuse na wao!"

Akanusa.

Nimepata kutazamwa vibaya maishani. Nimetazamwa na madereva niliowafukuza. Sijapata kutazamwa vile. Harufu ikatanda behewa zima, na haikuwa ya waridi.

Chupa moja, jamaa! Moja tu, ambayo watalii hawakuimaliza, vijana wangu wa kambini wakaiona ina rangi ya chai kama zile nyingine, wakaifunga na kanzu. Na mie mnusaji mkubwa, leo ndiyo sikunusa.

Yule mwanamke akazizibua zote, moja moja, ananusa. "Waridi," akasema. "Waridi. Waridi." Kila chupa ananitazama kama mgonjwa. Alipomaliza akaifunga ile yenye balaa, akaniwekea mkononi kwa adabu, mbele ya watu wote.

"Hii moja unaruhusiwa."

"Hongera," akasema Sheikh Humud, matone yanamdondoka ndevuni.

Nikampa yule mzee wa Kizungu. Akanipa mkono. Ndiye mtu pekee aliyenisifu leo.

Safari iliyobaki Sheikh Humud kaimalizia chooni anajikosha. Tukashuka. Dokta Khalfan yuko pale, kafungua mikono, akamkumbatia ndugu yake, akambusu kwenye paji la uso. Akasita. Akamnusa tena.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu lini?"

"Usiniulize mie," akajibu Sheikh Humud. "Muulize huyo, baba wa bwana harusi."

Mmesikia? Bwana harusi! Kwa kinywa chake! Ndevu zinanuka baa nzima, na posa kaijibu pale pale stesheni! Nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua mbili.

Dokta kaongeza sharti moja: siku ya harusi, kuwarashia wageni marashi ni kazi ya upande wao. Nimekubali. Sasa wao wamo ndani wanakunywa kahawa, mie nimewekwa barazani kwenye theluji mpaka koti langu, nalo lilirukiwa, litoke harufu.

Atakayecheka humu namtoa. Kundi hili la simu nimelifungua mie.