Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Kupima Mafuta ya Damu, Euless

(Ukumbi wa kanisa letu hapa Euless, Jumamosi, saa nne asubuhi. Tuko watu mia na ushee na hakuna aliyekula, maana Mwenyekiti alitangaza wiki nzima kwamba leo tunapimwa mafuta ya damu, na anayepimwa haji na kitu tumboni. Sisi Warundi tukiambiwa kufunga tunafunga kikanisa: wengine tangu Alhamisi, na maji hatukugusa. Mbele kuna meza, juu yake kitu kimefunikwa kitambaa chekundu. Mwenyekiti Elkana anatokea upande wa jikoni na karatasi kumi na nne. Nilizihesabu.)

Mheshimiwa Padre, Waheshimiwa Wenyeviti, Makamu wa Wenyeviti na Makamu wa Makamu kutoka Carrollton, Euless na Sugar Land, Waheshimiwa Wauguzi mliovaa sare na mlioziacha nyumbani, Mama Mlezi wa Kwaya, Mheshimiwa Mtunza Muda, ambaye leo nimempa mapumziko, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naizingatia sasa hivi:

(Makofi. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti nisianguke.)

Mimi, Elkana, Mwenyekiti wa Shirikisho la Jumuiya Zote za Waswahili wa Dallas, Fort Worth, Houston na Vitongoji Vyake, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wameniambia hawajapata kuuona kwa kiongozi yeyote, ili ku-launch rasmi Kituo cha Kwanza cha Upimaji Shirikishi wa Lipidi, mradi ambao tayari umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada ni mchango wangu binafsi.

Ndugu zangu, lipidi ni nini? Swali hili limewashinda wengi, lakini mimi halikunishinda, kwa kuwa nilihudhuria semina ya siku mbili kule Houston, siku ya kwanza nikiwa mshiriki na ya pili, kwa shinikizo la wananchi, mshiriki mwandamizi. Lipidi ni ile sekta nzima ya vitu vya mwilini iliyokataa katakata kuchanganyika na maji: mafuta, nta, kolesteroli na wadau wengine. Mafuta ya kawaida, ukiyatazama kimuundo, yana gliseroli moja, ambayo ni kama mwenyekiti, na asidi za mafuta tatu, ndefu, zimening'inia kwake kama makatibu. Asidi zikiwa zimenyooka, zinabanana vizuri na mafuta yanaganda kama samli. Zikiwa na kona, hazibanani, na mafuta yanabaki majimaji kama ya alizeti. Mimi kama kiongozi ningependelea zote zinyooke, ila wataalamu wanasema zenye kona ndizo rafiki wa moyo, nami nimeukubali ushauri huo baada ya mashauriano ya kina na nafsi yangu.

(Nikapaza sauti: "Mwenyekiti, mafuta kuelea juu ya mchuzi nayaona tangu nazaliwa, na shule sikumaliza. Sindano iko wapi?" Watu wakacheka, kidogo, maana kucheka na njaa kunauma.)

Mama Deo, swali lako limepokelewa, limesajiliwa, na litajibiwa ndani ya framework ya majibu. Tuendelee. Kila seli ya mwili wako, na unazo trilioni nyingi kuliko hata wapiga kura wangu, imezungukwa na utando wa fosfolipidi. Hizi zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo zinajipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ndani, bila kuitisha mkutano hata mmoja, jambo ambalo ofisi yangu inalichunguza. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori tisa, wakati ya wanga inatoa nne tu. Ndiyo maana mwili huweka akiba yake kwenye mafuta, na ukinitazama kiunoni utaona kwamba mimi ni mtu wa akiba. Mafuta hayohayo yanazuia baridi, yanakinga figo zisigongwe, yanafunika mishipa ya fahamu kama plastiki ya waya wa umeme. Na kolesteroli mnayoitukana kila siku ndiyo malighafi ya homoni: bila hiyo, waheshimiwa, hakuna mwanaume humu ndani ambaye angeota ndevu.

(Wanaume wakajishika videvu. Wajinga.)

Changamoto ni usafirishaji. Damu ni maji, kolesteroli haitaki maji, kwa hiyo inabebwa kwenye vifurushi. Kuna vinavyoipeleka, na vikizidi vinaacha mzigo kwenye kuta za mishipa; na kuna vinavyoiokota na kuirudisha kwenye ini. Mzigo ukirundikana, njia inaziba, na hapo, ndugu zangu, tunazungumzia bottleneck.

(Hakuna aliyecheka hapo. Mwanangu mkubwa, Deo, alianguka mwaka jana ndani ya ghala kule Carrollton, boksi mikononi, hakuinuka tena, miaka arobaini na sita. Daktari akasema mshipa wa moyo ulikuwa umeziba kwa mafuta, na kwamba mdogo wake Nicodème apimwe upesi. Nicodème hana bima. Kila mwezi, "Mama, mwezi ujao." Leo nimemshika mkono nikamleta, ametoka kupakia mizigo uwanja wa ndege hata viatu hajabadilisha. Akasimama: "Mwenyekiti, mimi niko tayari. Nianze mimi.")

Ari hiyo naipongeza, ndugu Nicodème, na jina lako litaingizwa kwenye waiting list ya kuingizwa kwenye waiting list. Kwanza elimu! Hata bila mashine, sayansi imetupa kipimo chepesi cha lipidi. Unachukua karatasi. Ukidondosha maji, yanakauka na doa linatoweka. Ukipaka mafuta, hayakauki. Linabaki doa linalopitisha mwanga. Kwa mfano, tuseme karatasi hii niliyoshika, nikiiinua hivi dirishani…

(Akainua ukurasa wa tisa. Jua la Texas likapita kwenye madoa matano, vidole vitano, vimejichora vizuri kuliko sahihi yake. Bibiche, aliyeendesha gari kwa saa nne kutoka Sugar Land na koo kavu, akapiga kelele: "Sambusa!" Na sambusa zile nilizikaanga mimi, za kufungulia baada ya kupimwa. Nikamwambia: "Elkana mwanangu, wewe umekula!")

Wananchi, naomba utulivu! Katika utafiti wowote wa maana lazima apatikane mtu mmoja aliyekula, ili alinganishwe na waliofunga, na mzigo huo mzito niliubeba peke yangu, jikoni, sambusa sita, bila kulalamika. Sasa nahitimisha. Lipidi juu! (Akaitikia mwenyewe.) Utando imara, taifa imara! (Mtoto mmoja akalia.) Nachukua fursa hii kuwashukuru wote waliofanikisha mradi huu. Namshukuru Padre kwa kutuazima birika kubwa la kahawa la parokia, ambalo limesimama kwa uaminifu chini ya kitambaa hiki badala ya mashine, mashine ambayo itaagizwa mara tu itakapoundwa kamati ya kujadili kama iagizwe. Namshukuru muuguzi atakayewatoa damu, ambaye tutaanza kumtafuta. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi kwa kufunga, maana mmethibitisha kwamba kituo chetu kinaweza kufanya kazi hata kabla ya kuwepo. Ahsanteni kwa kuniamini.

(Padre alivuta kitambaa mwenyewe. Birika, kweli. Watu wakakimbilia jikoni, na Mwenyekiti akawa anampa kila mtu mkono, akidhani wanamfuata yeye. Loice, muuguzi Mkenya aliyekaa nyuma yangu muda wote, akaniinamia: "Mama Deo, na maji mngekunywa tu! Nani aliwakataza?" Nikamwambia hakuna aliyeturuhusu. Akampa Nicodème chupa yake ya maji, akasema kliniki anayofanyia kazi iko Euless hapahapa, leo inafunga saa saba mchana, na wasio na bima wanapimwa bure. "Hujala kitu? Basi twende na mimi sasa hivi."

Nicodème mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye sinia la sambusa. Nikaupiga kofi. Miaka arobaini na moja, nikaupiga kofi. "Wewe bado." Sambusa zake mbili nikamfungia kwenye ukurasa wa tisa, ale baada ya sindano, maana karatasi hiyo imeshazoea mafuta.)