Msitu Usimame Wima, Mkurugenzi Anahutubia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu lakini hapa amekaa kwa sifa zake mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ufundi, Kamati ya Chakula na Kamati ya Viti. Wahisani wetu wapendwa mliopanda ndege kuja kushuhudia mtoto akikutana na mti. Mwalimu Mkuu, uliyetupa kiwanja cha shule bila kuulizwa. Wazazi mliofika na wazazi mliofikishwa. Na wewe, msitu, uliosimama nyuma yangu tangu asubuhi: kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu amesalimiwa, apige makofi. (Makofi. Kamati ya Viti inasimama, inainama, inakaa.)

Mimi, Mkurugenzi wa Watoto, Misitu na Mambo ya Nje ya Darasa, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameniambia hawajapata kuuona kwa mtu wa cheo changu, ili kuwaletea Mradi Shirikishi wa Kumrudisha Mtoto Nyikani, kwa kifupi MSHIKUMTONYI, kifupi ambacho Kamati ya Ufundi ilikaa wiki nzima kukifupisha. Lengo lake ni kumjengea mtoto uwezo wa kusoma nyayo, kuwasha moto, kuijua kaskazini, kuvuka mto na kumtazama mnyama bila kumtimua, kwa njia jumuishi, endelevu na yenye impakti. (Mzee mmoja: 'Yenye nini?') Impakti, mzee wangu. Utaiona ikifika.

Wapo wanaonong'ona, nawaona, hasa pale upande wa akina mama, kwamba ile miti iliyokuwa nyuma ya madarasa, ambako watoto walikuwa wakikimbilia kila kengele ya mapumziko, imekwenda wapi. Swali zuri, na anayeuliza asijifiche. Upembuzi yakinifu ulibaini kwamba mahali pa kumfundisha mtoto habari za miti ni penye miti, yaani papa hapa, na hapo sote tulikubaliana. Lakini ulibaini pia kwamba uzinduzi wa hadhi hii unahitaji hema, jukwaa, zulia na maegesho ya magari, na kwamba vitu hivyo vyote vilikuwa vimezuiwa na miti. Basi tukapitisha azimio la kuiondoa miti kwa muda. (Sauti ya mama: 'Kwa muda gani?') Kwa muda, mama. Muda ni muda. Na haikupotea, maana jukwaa ninalolikanyaga ni miti ile ile, na fremu za vyeti pia. Umebaki mti mmoja tu, ule ng'ambo ya barabara, wa fundi baiskeli, ambaye tulimfuata kwa heshima zote akatufukuza kwa pampu, na msimamo wake dhidi ya maendeleo tumeuandikia ripoti.

Sasa, hema lilitosha viti vya wahisani tu, meza kuu ikabaki nje, juani. Na wataalamu wakauliza: wahisani wakija na kamera zao wasione hata jani, tutasema nini? Ndipo likaja wazo, na sioni aibu kusema ni langu, kwamba kila mtoto ajifunge majani kiunoni, ashike tawi kwa mikono miwili, alinyanyue juu ya meza kuu, atulie. Watoto tunao, na matawi yalikuwa yamezagaa. Huo ndio msitu mnaouona, ndugu zangu, na kivuli kinachonipoza kisogo kinatoka mikononi mwa watoto wenu. (Makofi. Msitu nao unapiga makofi, matawi yanaanguka.) Msitu! Okoteni matawi. Miti haipigi makofi.

Nanyi watoto msichoke, kwa sababu tumewaahidi kwamba mkisimama vizuri hadi mwisho wa hotuba, mtaingia msituni leo leo. (Sauti kutoka msituni: 'Msitu upi?') Msimuulize mtu maswali ya kiufundi. (Mti wa mbele: 'Babu, mikono inauma.') Wahisani, huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, aliyeteuliwa kuwa mti wa mbele kwa kufuata taratibu zote. Mjukuu wangu, hapa kazini mimi ni Mheshimiwa Mkurugenzi. (Mti wa mbele: 'Mheshimiwa Mkurugenzi babu, mikono inauma.') Ombi limepokelewa, linafanyiwa kazi.

Na pambo lile katikati ya meza kuu, baina ya chupa za maji na maua ya plastiki, ni kiota halisi tulichokiokota kwenye mti wa mwisho kukatwa, chenye makinda matatu hai. Huyu mjukuu wangu amenisumbua nyumbani mwezi mzima, babu twende nikuonyeshe ndege wangu, babu lini, babu kesho, nami kwa kubanwa na vikao vya mradi huu wa ndege na miti sikupata nafasi ya kwenda kuona ndege wala mti. Leo nimemletea ndege mezani. Ni babu gani mwingine amefanya hivyo? (Mti wa mbele: 'Wana njaa, babu. Na jua litawaua.') Kamati ya Chakula, chukueni hoja hiyo. (Ndege mdogo anatokea, anazunguka juu ya meza kuu, analia. Makamu Mwenyekiti anajikinga na ratiba.) Afisa itifaki, huyo ana kadi ya mwaliko? Basi atolewe kwa ustaarabu.

Nirudi kwenye mafanikio, ambayo ni mengi kuliko muda niliopewa, na muda nimejipa mwenyewe. Kwa kuwa nyikani kuna hatari, wajumbe wa kamati walijitolea kujifunza kwa niaba ya watoto, katika semina elekezi iliyofanyika hotelini, kwenye ukumbi wenye zulia la kijani. Kuhusu kaskazini, kikao kiliijadili kwa kina na kuipitisha kwa kura nyingi, wawili wakipinga. Kuvuka mto tulikufanyia mazoezi koridoni mara baada ya mfagizi kupiga deki, na namshukuru Mungu kwamba aliyeteleza ni Katibu peke yake. Kuhusu nyayo, wajumbe sasa wanaweza kumtambua bosi yeyote kwa mlio wa kiatu chake, hata kama wamesinzia. Moto tuliusoma kwenye projekta, umeme ukakatika, kwa hiyo tuko nusu. Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya watoto hawakuumwa na nyoka katika kipindi chote, na asilimia mbili waliobaki hawakuulizwa. (Makofi chini ya hema.)

(Ndege anatua kwenye tawi la mti wa mbele. Mtoto hapepesi macho. Msitu wote unanyamaza, hata jani halitikisiki.) Mnaona? Wahisani, geuzeni kamera! Mnaona watoto walivyotulia, walivyobana pumzi? Nimehutubia mabunge ya watu wazima sikupata ukimya wa namna hii. Huko ndiko kunisikiliza! (Mti wa mbele, kwa kunong'ona: 'Babu, usipige kelele.') Nani kasema hivyo? (Mti wa mbele anaanza kutembea polepole, tawi juu, ndege akiwa juu yake. Anafika meza kuu. Anachukua kiota kwa mkono mmoja, anakibana kifuani.) Mjukuu wangu, hilo ni pambo la meza kuu. Unakwenda nalo wapi? (Mti wa mbele: 'Tunahama, babu.')

Nani amehama? Kwa kibali gani? Mti wa pili, rudi. Mti wa tatu, wewe mrefu, baba yako ni mtu wa serikali! (Msitu unaondoka wote, mti mmoja nyuma ya mwingine, unapita kwenye zulia, unavuka barabara. Fundi baiskeli anatoka na ngazi. Jua linaipiga meza kuu.) Wahisani wangu, msishtuke. Hiki ni kipengele cha vitendo. Kilikuwepo kwenye ratiba, ukurasa wa nyuma.

Basi nihitimishe, maana hili jua si la kawaida. Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa mahafali haya, kwani miradi mingi huanza kwa mbwembwe ikafia njiani, nasi kwa kulijua hilo tumeanzia mwisho: leo vyeti, kisha tutaandika andiko la mradi, andiko likipita tutatafuta walimu, kisha tutatafuta watoto. Nawashukuru kwa dhati walimu wa nyikani ambao hatujawaajiri, kwa uvumilivu wao. Nawashukuru wahitimu, ambao hawajaandikishwa. Na naushukuru msitu, ambao hadi wiki iliyopita ulikuwepo.

Mtoto na mti! (Wahisani wamegeuzia kamera ng'ambo ya barabara.) Nimesema, mtoto na mti! (Afisa Habari, peke yake: 'Damu damu!') Nyika kwanza! (Afisa Habari ameshaketi.)

(Kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ya mtoto aliye juu ya ngazi: 'Babu! Babu, njoo uone, anawalisha!') Vizuri, mjukuu wangu. Babu atakuja. Babu ana kikao cha tathmini, halafu... halafu tutapanga siku. (Sauti: 'Sasa hivi, babu! Watashiba!')

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dereva, nisogezee gari hapa jukwaani, naungua. (Dereva: 'Nimeliegesha kule kwa fundi baiskeli, mheshimiwa. Ndiko kwenye kivuli.')