Malalamiko Kuhusu Kufunguliwa kwa Sanduku Langu, Chumba Namba Saba

Ndugu Meneja,

Mimi ni yule mzee wa kofia ya sufi aliyewauliza mara tatu, siku ya kwanza, lango lenu la nyuma hufungwa saa ngapi. Nilikaa kwenu juma zima hapo ziwani pamoja na mke wangu, binti yetu, mumewe, na mjukuu wetu tunayemwita Kijiko. Naamini nyote hamjambo. Naandika kwa heshima kulalamikia huduma zenu, ambazo zimenivurugia utaratibu wa miaka arobaini na mitatu.

1. Sanduku. Tangu asubuhi ile tulipokimbia kwetu chai ikiwa bado mezani, sanduku langu hukaa limefungwa tayari kwa safari. Limehamia nami nyumba kumi na moja. Ndani mna nguo za siku tatu, vyeti, tochi, chumvi, na juu kabisa viatu vya mke wangu, maana siku ile alitembea peku. Mkono ukiingia kwa haraka, uguse viatu kwanza. Mhudumu wenu wa vyumba alilifungua bila kuulizwa, akatundika nguo kabatini, vyeti akavitia kwenye droo. Nilipomkabili alisema, "Mzee wangu, nguo zikikaa humo zitajikunja. Si umeshafika?" Ofisa yeyote, wa mpakani au wa mjini, hajawahi kuniambia neno hilo. Mhudumu wa vyumba kayapata wapi hayo mamlaka?

2. Viti. Vile vya ufukweni vimejengewa kwa saruji viwili viwili, vikitazama maji na kulipa lango mgongo. Mimi hukaa nikitazama mlango. Nilimwomba mtunza bustani avigeuze, akacheka: "Babu, hivyo havigeuki. Labda ugeuke wewe." Mke wangu, ambaye alishakaa, alikipigapiga kiti cha pili kwa kiganja akasema, "Baba watoto, miaka yote umenilinda. Leo kaa nami." Nilikaa. Kiti kingine hakikuwepo.

3. Kutokana na kiti hicho, nililala. Mchana kweupe, saa tatu nzima, mdomo wazi, mbele ya wageni nisiowajua, na hakuna aliyeniamsha. Nilipouliza ilikuwa zamu ya nani kukesha, mkwe wangu alijibu, "Baba, hakuna zamu. Tuko likizo." Nyumba yenye wageni ishirini, na zamu hakuna!

4. Maji yenyewe. Maji ninayoyajua mimi huvukwa: huku unakimbia, kule unaandikishwa jina. Haya yenu watu wazima huyaingilia upande huu na kutokea upande huu huu, wakicheka. Kijiko alinivuta mkono, "Babu njoo, yanafika magotini tu!" Nikakunja suruali, nikaingia. Kwa mazoea nikatazama ng'ambo, nikitafuta pa kutokea. Akaniuliza, "Babu, kwani tunahama?" Ana miaka sita.

5. Madhara. Tangu turudi, mke wangu anaimba jikoni, nami nalala hadi jua linachomoza. Tafakari, Ndugu Meneja. Mtu akizoea kupumzika, miguu husahau kukimbia. Asiyeweza kukimbia atabaki. Na atakayebaki, mwisho wake atapapenda mahali. Nikishapapenda, halafu wakaja kunigongea mlango, nani atawajibika?

Kwa hiyo naomba mhudumu apewe onyo asimwambie tena mgeni yeyote kwamba amefika, viti ving'olewe, iwekwe kengele ya kuwaamsha wazee, na ziwa, kama haliwezi kufungwa, basi lizungushiwe uzio.

Nisalimie mpishi, mtunza bustani na mhudumu yule, ambaye, pamoja na yote, alikunja soksi zangu vizuri sana.

Ni mimi, kwa uchungu na adabu,
Mzee wa Namba Saba

Baada ya sahihi: Nimeinuka kulitafuta sanduku ili nikuandikieni vipimo vyake kama ushahidi, nikakuta halipo. Limebaki kwenu, chini ya kitanda. Leo ni siku ya tisa na sikuwa nimegundua. Vyeti binti yangu anavyo. Viatu mke wangu aliondoka navyo miguuni. Kumbe bado vinamtosha. Chumvi mpeni mpishi, mayai yake yanaihitaji. Msihangaike kulituma sanduku. Tutakuja tena likizo ijayo, chumba kile kile, na vile viti, tafadhali, visiguswe.